Mjini Hakuna Anijuaye

Kituo cha reli cha Bukama ni mahali pa kuagana. Reli iliyotoka Elisabethville, mji ambao tangu mwaka 1966 unaitwa Lubumbashi, ilifika hapa ukingoni mwa mto Lualaba mwaka 1918, na tangu siku hizo vijana wetu hawajaacha kuondoka. Babu zetu waliondoka kwa mkataba wa Union Minière. Baba zetu waliondoka kwenda katika kampuni ya serikali iliyochukua migodi ile mwaka 1967, ndiyo iliyoitwa baadaye Gécamines. Siku hizi vijana huondoka bila mkataba wo wote, wakielekea Lubumbashi, Likasi au Kolwezi, kutafuta kazi yo yote watakayoikuta.

Treni nayo haina siku yake kamili. Watu huingoja, nayo haiji. Kisha huja usiku, wakaamka wote na kukimbia na mizigo. Mwaka huu, majuma machache kabla ya Kwaresima, nilikaa pale kituoni pamoja na kijana mmoja wa parokia yetu ambaye nilimfundisha katekisimu alipokuwa mdogo. Alikuwa na begi moja, gunia la samaki wakavu wa kuuza, na karatasi yenye namba ya simu ya mtu aliyemwahidi kazi ya kulinda ghala. Akaniuliza, "Mwalimu, wewe ulikaa Lubumbashi. Nitauzoeaje mji?"

Nikamweleza yale ambayo kila mtu huyaeleza. Asiweke fedha zote katika mfuko mmoja. Asipande gari lisilo na abiria usiku. Ajue kwamba mwenye nyumba atadai kodi ya miezi kadhaa mbele, ambayo huko huiita garanti. Kijana akanisikiliza kwa heshima mpaka mwisho, kisha akasema, "Hayo nimeyasikia kwa wengine, mwalimu. Mimi nauliza neno jingine. Hapa kila mtu anajua mimi ni mtoto wa nani. Huko hakuna anijuaye. Nitakuwa mtu gani?"

Treni ikafika kabla sijamjibu. Maneno yafuatayo ndiyo jibu langu kwake, na kwa wote wanaofungasha mizigo, na kwa wazazi wanaobaki.

Mji na kelele zake

Kwanza nieleze jinsi mimi mwenyewe nilivyouona mji. Nilipotoka seminarini bila kuendelea na njia ya upadre, nilipata kazi ya ukarani katika ghala moja huko Lubumbashi, nikakaa miaka miwili. Lubumbashi ulianzishwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba, na leo wakaaji wake wapita milioni mbili. Nilipanga chumba kimoja katika mtaa wa Katuba, ndani ya lupango, maana ndivyo tunavyouita huko ua wenye nyumba kadhaa na lango moja. Ndani ya ua ule tulikuwa kaya sita, bomba moja la maji, na choo kimoja.

Saa kumi na moja alfajiri akina mama wamekwisha panga mabidoni yao kwenye bomba. Moshi wa makaa unaingia chini ya mlango. Nje barabarani wapiga debe wanaita abiria, na ndani ya gari watu wanne wanakaa kwenye kiti cha watu watatu. Usiku umeme ukikatika, huanza kunguruma mashine za baa. Juma la kwanza sikulala. Juma la tatu nililala kama jiwe. Kelele na msongamano nilivizoea upesi kuliko nilivyodhani, na nadhani kila mtu huvizoea. Lakini lilikuwako jambo jingine.

Hapa Bukama mgeni akifika huulizwa, Wewe ni mtoto wa nani? Watu wako ni wa kijiji gani? Mjini nami niliulizwa maswali mawili: Unafanya kazi wapi? Utalipa lini? Nilipokwisha kuyajibu hayo, hakuna aliyetaka kujua zaidi. Mwanzoni niliona huzuni. Baadaye, niseme kweli, niliona raha. Nyumbani, mtu aliyetoka seminarini hawezi kunywa chupa moja ya bia bila habari kumfikia mama yake kabla chupa haijaisha. Huko niliweza kukosa Misa ya Dominika, wala hakuna aliyeniuliza. Nilikuwa kama mtu aliyetua mzigo.

Basi siku moja nilikwenda soko la Kenya. Msidhani ni nchi ya Kenya. Ndilo jina la mtaa mmoja wa Lubumbashi. Nikanunua samaki wakavu, labda waliotoka huku kwetu. Mama muuzaji alikuwa amezungukwa na wateja, akanirudishia fedha nyingi kuliko haki yangu. Niliona. Nikafunga kiganja, nikaenda zangu. Zilikuwa franka elfu tatu tu. Njiani nikajiambia: Bei yake ilikuwa kubwa mno. Atazipata kwa mwingine. Wala simjui, wala hanijui. Nilipofika chumbani nikakumbuka kwamba mwaka uliotangulia, hapa Bukama, nilitembea katika jua la saa nane ili kumrudishia muuza mafuta franka mia tano alizonizidishia. Mtu alikuwa yule yule. Kwa nini miguu iliyorudi kwa mia tano haikurudi kwa elfu tatu?

Hilo ndilo swali ninalotaka tulifikiri pamoja. Wema wangu wa Bukama ulikuwa wa nani? Ulikuwa wangu, au ulikuwa wa macho ya watu walionitazama?

Je, mji huharibu watu?

Wazazi wengi husema, "Mji umemharibu mtoto wangu." Nawahurumia, lakini sikubali neno lao moja kwa moja. Tazameni mtumbwi uliofungwa kwa kamba ukingoni. Mkondo wa Lualaba unapita, nao hauchukuliwi. Mpita njia aweza kusema kwamba mtumbwi ule una mpiga kasia hodari. Ikatwe kamba, ndipo tutakapojua kama yumo mtu ndani. Mto haukumtupa mpiga kasia majini. Umeonyesha tu kwamba hakuwamo. Mji hufanya vivyo hivyo. Mara nyingi hauharibu kitu. Unafunua tu kwamba mahali fulani palikuwa patupu.

Hata hivyo tusiidharau kamba. Wako watu wenye elimu wasemao kwamba wema wa kuogopa macho ya watu si wema, bali ni unafiki. Nadhani wanahukumu upesi mno. Mtoto husalimu wakubwa kwa kuogopa kukemewa. Akiwa mtu mzima husalimu kwa sababu anawaheshimu. Je, tutasema salamu zake za utotoni zilikuwa uongo? Hapana, zilikuwa mafunzo. Macho ya kijiji ni shule. Lakini kila shule ina siku yake ya mwisho, na siku hiyo mwanafunzi hutoka kuonyesha alichojifunza. Mtu asiyeondoka kwao huenda asiitwe kwenye mtihani huo kwa muda mrefu. Msafiri huitwa siku ile ile anaposhuka kwenye treni.

Tena tukumbuke kwamba waliotutangulia mjini hawakukosa macho ya kuwatazama. Mwanzoni Union Minière ilichukua wanaume peke yao kwa muda mfupi. Mwishoni mwa miaka ya 1920 ikaanza kutaka wakae miaka mitatu, pamoja na wake zao, ikawajengea nyumba kwa mistari, na shule, na hospitali. Katika kambi zile kulikuwa na mkuu wa kambi, aliyejua nani amelala nyumbani na nani hakwenda kazini. Ndiyo kusema jicho la kijiji liliondoka, likaja jicho la kampuni. Lilikuwa jicho gumu, wala silisifu. Lakini nalo lilikuwa kamba. Kamba hiyo nayo imekatika. Katika mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya elfu kumi wa Gécamines waliondoka kazini kwa mpango ulioitwa wa hiari, na maisha ya kambi hayakurudi tena kama zamani. Kijana anayefika leo hana mkuu wa kijiji, wala hana mkuu wa kambi. Yuko peke yake kati ya watu milioni mbili.

Macho ya watu nayo hukosea

Mtu atasema, "Basi dawa ni rahisi. Tuyarudishe yale macho. Watu wa kwao mmoja wakae pamoja mjini na kuchungana." Na kweli, vyama vya watu wa asili moja vimewasaidia wengi. Mgonjwa hupata mtu wa kumwuguza, maiti hupata jeneza, na msafiri hupata mkeka wa siku za kwanza. Mimi pia nilisaidiwa hivyo nilipofika. Sivipingi vyama hivyo.

Lakini reli yetu ina ushuhuda mwingine. Katika mwaka 1992 na 1993, wakati wa ugomvi wa siasa, watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa katika miji ya Katanga, hasa Likasi na Kolwezi. Wengi walikuwa wamezaliwa huko huko. Baba zao na babu zao waliletwa na kazi za migodi na reli. Maelfu kwa maelfu walikaa vituoni siku nyingi wakingoja treni, na wengi walikufa kwa maradhi na njaa. Treni za kwenda Kasai hupita hapa Bukama, kisha Kamina. Wazee wetu waliziona zikipita zimejaa watu na vyombo vya nyumba. Mmoja wao aliniambia kwamba hata leo hapendi kusimama kituoni.

Sasa niwaulize. Wale waliowafukuza majirani wao, je, hakukuwa na macho ya watu juu yao? Yalikuwako, tena mengi. Macho ya watu wa kwao ndiyo yaliyowaambia, Fukuzeni. Aliyesita aliitwa msaliti. Na wazee husimulia pia habari za mtu aliyemficha jirani yake, au aliyemtunzia cherehani na vitanda vyake mpaka amani irudi. Mtu huyo alifanya wema wake gizani, akijificha asionwe na ndugu zake mwenyewe.

Kwa hiyo macho ya watu hayatoshi. Yaweza kutufundisha mema, na siku nyingine yaweza kutusukuma katika mabaya. Lazima liwemo jicho jingine ndani ya mtu, lisilobaki kituoni treni inapoondoka. Jicho hilo ndilo dhamiri, ambayo Mwenyezi Mungu ameiweka ndani ya kila mtu.

Hodi ya usiku

Ningeweza kumaliza hapa na kumwambia kijana wangu, Fuata dhamiri yako, inatosha. Maneno hayo ni mazuri, na mimi mwenyewe niliyajua tangu seminarini. Lakini kuna jambo moja lililonipata ambalo halinipi ruhusa kumaliza hivyo.

Ilikuwa mwaka wangu wa pili mjini, katika majira ya mvua. Mnamo saa saba za usiku nilikuwa bado nasoma, taa inawaka. Nikasikia mtoto akilia upande wa pili wa ukuta, kisha hatua uani, kisha hodi mlangoni pangu. "Baba, utusaidie." Nilijua sauti ile. Ilikuwa ya mama jirani, ambaye mume wake alikuwa amekwenda Kolwezi kutafuta kazi. Sauti yake niliijua, jina lake sikulijua, ijapokuwa tulikuwa tumechota maji kwenye bomba moja zaidi ya mwaka mzima.

Nikafikiri: Wezi hutumia sauti za wanawake. Nikafikiri tena: Atataka fedha, na mshahara wangu haujalipwa. Nikafikiri mara ya tatu: Mtu asiye na mke akimfungulia mke wa mtu usiku, watu watasema nini? Sikilizeni vizuri. Dhamiri yangu haikunyamaza usiku ule. Ilisema, tena kwa maneno ya adabu, na ile sababu ya tatu ilikuwa karibu kama fundisho la dini. Nikazima taa. Nikakaa gizani kimya, mpaka nikasikia hatua zinaondoka.

Asubuhi nikapata habari. Mtoto alikuwa ameshikwa na malaria kali, tena degedege. Aliyembeba mgongoni katika mvua mpaka kituo cha afya ni kijana wa chumba cha mwisho, mchimbaji wa mawe ya shaba, ambaye mimi nilimhesabu kuwa mhuni kwa sababu alikunywa lutuku, ile pombe kali ya huku kwetu. Hakuwa na fedha. Akaweka simu yake rehani ili mtoto atibiwe. Mtoto akapona.

Nilipokwenda bombani sikujua niweke uso wangu wapi. Mama yule akaniwahi. Akasema mbele ya wote waliosimama pale, "Baba, usiku tulipiga hodi kwako. Tulidhani hauko." Nikajibu kwamba nilikuwa nimelala sana. Nikachota maji yangu nikaondoka, lakini neno lile halikuondoka: hauko. Nilikuwako, wala sikuwako.

Nilikaa na uongo huo majuma matatu. Nilipiga magoti kitubioni, nikaondolewa dhambi, lakini padre akaniambia kwamba bado nina neno na yule mama. Basi jioni moja nikamwendea. Alikuwa anachekecha unga wa bukari. Nikasema, "Mama, usiku ule nilikuwako. Niliisikia hodi yako." Hakushangaa. Aliendelea kuchekecha, kisha akasema, "Najua, baba. Niliona taa ikizimwa."

Hapo ndipo nilipoelewa. Aliponiambia bombani, Tulidhani hauko, hakuwa amedanganyika. Alikuwa ananisitiri mbele ya watu. Mimi niliyejiambia kwamba mjini hakuna anijuaye, nilikuwa nimejulikana mpaka ndani, tena na mtu ambaye hakutaka kuniaibisha. Nikamwuliza jina lake. Akanitajia. Nikamwambia langu. Akanipa kiti.

Swali lililogeuka

Habari hiyo ilinifundisha mambo mawili. La kwanza ni hili: dhamiri ya mtu aliyejifungia peke yake hugeuka upesi ikawa wakili wake. Dhamiri ni jicho, na jicho huhitaji kitu cha kutazama. Ukilifungia chumbani litajitazama lenyewe, nalo litakuta sababu nzuri kwa kila jambo. Ule mchimbaji hakuwa na maneno mengi ya maadili, lakini alikuwa amezoea kumnunulia mtoto yule andazi asubuhi. Alijua jina lake. Hodi ilipopigwa, yeye hakusikia mwanamke fulani. Alisikia mama wa mtoto anayemjua. Kwa hiyo hakuhitaji kufikiri mara tatu.

La pili ni kwamba mimi na kijana wangu tulikuwa tumeuliza swali upande usiofaa. Tuliuliza, Nani ananijua? Mmoja auliza kwa hofu, mwingine auliza kwa raha ya kujificha, lakini wote wawili wanajifikiria wenyewe. Swali lenyewe ni, Mimi namjua nani? Mnaikumbuka habari ya Msamaria mwema. Yule mwanasheria alitaka kuambiwa mpaka wa ujirani, yaani ni nani aliye jirani yake na ni nani asiye. Bwana wetu Yesu Kristu hakumpa mpaka. Aligeuza swali, akamwuliza ni nani aliyejifanya jirani. Tena tusisahau kwamba yule Msamaria naye alikuwa safarini, mbali na kwao, njiani pasipo na mtu wa kumsifu wala wa kumlaumu.

Wala jambo hili si geni katika nchi yetu. Huko Sanga, kando ya ziwa Kisale, wataalamu walianza mwaka 1957 kuchimba makaburi ya watu wa kale. Walikuta vyungu vizuri, na pamoja navyo misalaba midogo ya shaba. Shaba haichimbwi katika mabwawa ya Upemba. Ilitoka mbali kusini, mikononi mwa watu wa lugha nyingine. Basi wavuvi wale wa karne nyingi zilizopita walijua kushughulika na wageni, wala hawakukaa na jamaa zao peke yao.

Na katika siku za karibu zaidi tunamkumbuka Padre Placide Tempels, Mfransisko kutoka Ubelgiji, aliyeishi miaka mingi kati ya Baluba na kuandika juu ya falsafa ya Kibantu. Kitabu chake kilitolewa Elisabethville mwaka 1945. Katika miaka ya 1950, huko Ruwe karibu na Kolwezi, alikutana na wafanyakazi wa migodi na wake zao, watu wa makabila mbalimbali waliokuwa mbali na vijiji vyao. Kikatoka hapo chama kilichoitwa Jamaa. Baadaye yalizuka magomvi juu ya mafundisho ya baadhi ya wafuasi, na maaskofu ilibidi waingilie. Hayo siyo habari yangu leo. Ninalotaka kuonyesha ni jina lenyewe. Watu wasio wa ukoo mmoja, waliopangiwa nyumba na kampuni, walithubutu kuitana jamaa. Hawakuikuta jamaa hiyo mjini. Waliifanya, kwa kutembeleana na kuelezana maisha yao, mume na mke pamoja.

Jembe la siku ya tatu

Waswahili husema, Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ni methali ya hekima. Mgeni anaacha kuwa mgeni siku anapopewa kazi pamoja na wenyeji. Lakini mjini hakuna atakayekupa jembe hilo. Mwajiri atakupa kazi ya mshahara, na mwenye nyumba atakupa ufunguo. Wote wawili watakuacha mgeni hata miaka kumi. Jembe la ujirani lazima ulichukue mwenyewe.

Nilipolichukua mimi, nilianza na mambo madogo. Nilijifunza majina ya kaya zote sita, na ya watoto wao. Nilikwenda msibani kwa watu wasio wa kabila langu. Nilijiandikisha katika shirika la Wakristu wa mtaa wetu, ambako nilikuwa nimekwepa kwa mwaka mzima. Na yule mchimbaji, nilikwenda pamoja naye kuikomboa simu yake. Kelele hazikupungua, wala bomba halikuongezeka, wala moshi haukuacha kuingia chini ya mlango. Lakini tangu hapo niliweza kusema kwamba nakaa Lubumbashi. Kabla ya hapo nililala tu.

Deni moja halikulipwa. Nilirudi soko la Kenya na zile franka elfu tatu mara nne au tano. Pale alipokaa yule mama palikuwa na mwingine anayeuza nyanya, wala hakumfahamu. Sikujua jina lake, kwa hiyo sikuweza hata kuulizia. Mtu asiye na jina ni rahisi kumdhulumu, na ni vigumu kumlipa.

Basi, kijana wangu, jibu langu ni hili. Ukifika mjini utakuwa mtu yule unayekubali kumjua mwenzake. Usitegemee macho ya Bukama, maana hayafiki huko. Usitegemee dhamiri iliyofungiwa chumbani, maana itakutetea katika kila kosa. Shikamana na watu wa kwetu, lakini usiruhusu wakuambie nani si jirani yako. Na ukipigiwa hodi usiku, uliza kwanza ni nani, kwa sababu wezi wako kweli. Lakini uliza kwa sauti, wala usizime taa.

Juma lililopita kijana huyo alinipigia simu. Amepata ile kazi ya ulinzi, na chumba katika mtaa wa Katuba, si mbali na pale nilipokaa mimi. Alilalamika juu ya kelele, nikamwambia zitapita. Kisha nikamwuliza, "Katika ua wenu mko kaya ngapi?" Akajibu, "Nane, mwalimu." Nikamwuliza, "Majina yao?" Akacheka, akasema bado hajui. Nikamwambia akate simu, aende akaulize.